Mafuriko ya mito Bangladesh: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini Bangladesh hufurika kila mwaka?

Kwa sababu sehemu kubwa ya nchi yenyewe ni delta, yaani ardhi iliyojengwa na tope la mito karibu na bahari, na delta ni kazi ya mafuriko. Mito mitatu mikubwa, Ganges, Brahmaputra na Meghna, hukutana humo kabla ya kumwaga maji Ghuba ya Bengal. Ukisoma habari za huko usichanganyikiwe na majina: Ganges ukishavuka mpaka huitwa Padma, na Brahmaputra huitwa Jamuna. Padma na Jamuna hukutana karibu na Goalundo, kisha huungana na Meghna karibu na Chandpur.

Eneo linalolisha mito hii lina ukubwa wa kilomita za mraba kama milioni 1.7, nalo limetanda India, Nepal, Bhutan na Uchina upande wa Tibet. Sehemu iliyo ndani ya Bangladesh haifiki asilimia 10. Ni kama faneli: mdomo mpana uko kwa majirani, na kishingo chake ndiyo nchi wanamoishi watu karibu milioni 170. Mvua inaweza kunyesha Assam au Bihar, majimbo ya India, mkulima wa Sirajganj ndani ya Bangladesh asione hata wingu, na bado maji yakamfikia uani.

Juu ya hayo, ardhi ni tambarare kupindukia. Sehemu kubwa ya nchi haizidi mita 10 juu ya usawa wa bahari, na mto Jamuna hushuka sentimita chache tu kwa kila kilomita. Maji yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Mambo matatu hukutana katika miezi ileile. Theluji ya Himalaya huanza kuyeyuka mapema na kuujaza Brahmaputra kabla mvua haijaanza. Kisha huja mvua za monsuni, kati ya Juni na Septemba, zinazoleta takriban asilimia 80 ya mvua ya mwaka mzima. Na wakati huohuo pepo za kusini-magharibi husukuma bahari kuelekea pwani, kwa hiyo maji ya mito hufika mlangoni yakakuta mlango umeinuka.

Je, mafuriko yote ya huko ni ya aina moja?

Hapana, na makala nyingi huyachanganya. Kaskazini-mashariki, Sylhet na Sunamganj, kuna mafuriko ya ghafla. Nyuma ya wilaya hizo, upande wa India, kuna vilima vya Meghalaya vyenye Cherrapunji na Mawsynram, sehemu zinazopata zaidi ya milimita 11,000 za mvua kwa mwaka, na maji yake huteremka kwa saa chache tu. Mafuriko ya mito mikubwa huenda taratibu: hupanda siku hadi siku na huweza kukaa wiki kadhaa. Kuna maji ya mvua yanayotuama kwa sababu mito imejaa na hayana pa kwenda. Na pwani kuna mawimbi ya vimbunga, ambayo ni jambo jingine kabisa. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, na kile cha 1991 karibu 138,000. Vifo vya namna hiyo havijawahi kuletwa moja kwa moja na mafuriko ya mito huko. Ukurasa huu unahusu mito.

Mbona mwaka mmoja huonekana wa kawaida na mwingine ni balaa?

Katika mwaka wa kawaida, kiasi cha moja ya tano hadi robo ya nchi hufunikwa na maji, na maisha huendelea. Mwaka 1988 ilikuwa kama asilimia 60. Mwaka 1998 zaidi ya theluthi mbili ya nchi ilikuwa chini ya maji, na sehemu nyingi zilikaa hivyo kwa zaidi ya miezi miwili.

Wingi wa mvua peke yake hauelezi tofauti hiyo. Kwa kawaida Brahmaputra hufikia kilele mapema kuliko Ganges, na pengo la wiki kadhaa kati yao ndilo huiokoa nchi: mmoja hupungua ndipo mwingine unapopanda. Mwaka 1988 na 1998 vilele vya mito hiyo miwili vilikaribiana mno, vikapishana kwa siku chache tu. Maji yalipokutana Goalundo hayakuwa na nafasi, yakarudi nyuma na kupanda mashambani. Kwa hiyo ukiona habari kwamba mto fulani umevuka alama ya hatari, swali la kwanza la kuuliza ni mto wa pili uko wapi.

Nimesoma kwamba chanzo ni ukataji miti Nepal. Ni kweli?

Hiyo ni hoja iliyopata umaarufu miaka ya 1970 na 1980, na bado inarudiwa vitabuni. Watafiti walioichunguza waliona haina miguu. Misitu husaidia katika vijito vidogo vilivyo karibu na vilima, lakini mvua kubwa ya monsuni ikinyesha siku kadhaa mfululizo, udongo hushiba maji, uwe na miti au usiwe nayo. Himalaya pia ni milima inayobomoka yenyewe. Tetemeko la Assam la mwaka 1950 lilimwaga udongo mwingi mno kwenye Brahmaputra, na mto ukaendelea kuusukuma kuelekea baharini kwa miongo kadhaa. Kumlaumu mkulima wa Nepal mwenye panga lake ni rahisi kuliko kulilaumu tetemeko.

Kuna faida gani katika mafuriko?

Nyingi, na hapa ndipo wasomaji wa mbali hushangaa zaidi.

Ya kwanza ni ardhi yenyewe. Mito hii hubeba takriban tani bilioni moja za mchanga na tope kila mwaka. Sehemu hutua njiani, nyingine hufika mlango wa Meghna na kujenga visiwa vipya. Bhasan Char, kisiwa walikohamishiwa maelfu ya wakimbizi Warohingya kuanzia Desemba 2020, kilikuwa hakijaonekana juu ya maji kabla ya miaka ya 2000.

Ya pili ni rutuba, ila tusiikuze kuliko ilivyo. Husemwa kwamba tope la mto ndilo mbolea ya shamba. Karibu na mto, mara nyingi kinachoachwa ni mchanga mtupu unaoweza kuharibu shamba kwa miaka. Mbali na mto, maji yanayofunika mashamba kwa sehemu kubwa ni ya mvua, maangavu kabisa, na kinacholisha udongo ni miani midogo inayoota ndani yake na kunasa naitrojeni, pamoja na mimea inayooza. Matokeo ni mazuri yaleyale, ila njia si ile inayodhaniwa.

Ya tatu ni samaki. Maji yakitanda, samaki hutoka mitoni na kuingia kwenye mashamba na mabwawa ya asili kutaga na kukua. Mtu asiye na shamba wala ng'ombe anaweza kutega mtego wa mianzi pembeni mwa barabara akapata kitoweo. Samaki ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya protini ya wanyama inayoliwa nchini, na kwa familia maskini wale wadogo wa mashambani ndio wenye maana kuliko wale wa sokoni. Mwaka ambao maji hayakupanda vya kutosha ni mwaka mbaya kwao, hata kama hakuna atakayeandika habari zake.

Ya nne ni maji ya ardhini. Zaidi ya nusu ya mchele wa nchi sasa hutokana na boro, mpunga wa kiangazi unaomwagiliwa kwa pampu, na sehemu kubwa ya maji hayo hutolewa ardhini. Mafuriko ndiyo huyarudisha. Na kuna juti, mmea wa nyuzi za magunia: ukishakatwa lazima uloweshwe majini kwa wiki kadhaa ili nyuzi ziachane na bua. Mahali ambapo maji hayakufika, wakulima hulazimika kusafirisha mabua hadi kwenye bwawa, na gharama hupanda.

Kuna hata mpunga uliozoea hali hii. Aina ya aman (mpunga wa msimu wa mvua) ya maji marefu hurefuka kadiri maji yanavyopanda, wakati mwingine sentimita 20 au zaidi kwa siku moja, hadi bua lifikie mita kadhaa. Siku hizi hulimwa kidogo kuliko zamani kwa sababu boro hutoa mavuno makubwa zaidi. Badala yake, mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mpunga ya Bangladesh ilitoa mbegu za BRRI dhan51 na dhan52, ambazo hazirefuki: hujituliza chini ya maji kwa karibu wiki mbili, kisha huendelea kukua maji yakipungua.

Kama yana faida hivyo, mbona watu hulia?

Kwa sababu faida ni ya wengi na hasara huangukia wachache, tena walewale.

Walio mbele kabisa ni wakazi wa char, visiwa vya mchanga vilivyo katikati ya Jamuna na Padma. Wanakaa huko kwa sababu ardhi ya bara imekwisha au wameshindwa kuilipia. Cha kutisha kwao si maji kuingia nyumbani, ni mto kula kisiwa. Mafuriko yakipita shamba hubaki. Mmomonyoko ukipita hakuna kitu, na hati ya ardhi hubaki kuwa karatasi. Ndiyo maana nyumba nyingi za char hujengwa kwa mabati na nguzo zinazofunguka. Ukingo ukianza kupasuka, familia huvua bati moja moja, huzifunga, huzipakia kwenye mashua pamoja na kitanda na mbuzi, na kwenda kuisimamisha upya kwenye mchanga mwingine. Wapo waliohama namna hiyo mara nyingi katika maisha yao. Wengine huchoka na kuishia Dhaka, kwenye vitongoji vya mabanda, wakiendesha baiskeli za abiria au kufanya kazi viwandani.

Kuhusu vifo, wauaji wakubwa ni kuzama, hasa kwa watoto wadogo, kisha kuumwa na nyoka. Nyoka naye hutafuta pakavu, na pakavu ni palepale mlipokimbilia. Halafu huja kuhara: choo kikifunikwa na kisima kikafunikwa, maji ni yaleyale. Hospitali ya icddr,b, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara mjini Dhaka, hulazimika kuweka vitanda hadi kwenye mahema. Bahati ni kwamba tiba iligunduliwa nyumbani: mchanganyiko wa chumvi, sukari na maji uliojaribiwa Dhaka mwaka 1968 sasa unajulikana na karibu kila mama kijijini, na ni sababu mojawapo ya vifo kupungua.

Lakini hasara inayodumu ni ya mfukoni. Shamba likiwa chini ya maji, kibarua hana kazi. Mchele hupanda bei wakati huohuo. Hukopa kwa riba, huuza ng'ombe akiwa amekonda na soko limejaa ng'ombe wengine waliokonda, na deni humfuata hadi mwaka unaofuata.

Mafuriko yanaweza kuleta njaa?

Yalileta mwaka 1974. Na inafaa kuangalia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu chakula chenyewe hakikuwa kimekwisha. Mchumi Amartya Sen alionyesha kwamba chakula kilichopatikana nchini mwaka ule hakikupungua kuliko miaka ya jirani. Kilichokwisha ni ujira. Vibarua walikosa kazi ya kupandikiza mpunga, bei ikapaa, na waliokufa walikufa mchele ukiwa sokoni.

Mwaka 1998 maji yalikuwa makubwa zaidi na yalikaa muda mrefu zaidi, lakini njaa haikutokea. Serikali iliwaachia wafanyabiashara binafsi kuagiza mchele kutoka India, bei haikupaa kama mwaka 1974, na mgao wa chakula uliwafikia maskini. Msimu wa boro uliofuata, kwenye udongo ulioshiba maji, mavuno yalikuwa makubwa mno. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika ukurasa huu: kati ya miaka hiyo miwili, mto haukuwa na huruma zaidi. Kilichobadilika ni soko, barabara na ghala.

Kwa nini wasijenge matuta marefu, wakamaliza shida?

Yamejengwa, na yamefundisha mengi. Katika miaka ya 1960 lilijengwa tuta la kilomita kama 220 kwenye ukingo wa magharibi wa Jamuna. Mto umelivunja mara nyingi, na kila mara linajengwa jingine nyuma yake. Jamuna una upana wa kilomita kadhaa na huhamahama. Kuuambia upite hapa na si pale ni kazi isiyo na mwisho. Tatizo jingine ni kwamba tuta likivunjika, maji hayaingii polepole kama zamani, huingia kwa kishindo kwa watu waliokuwa wameamini wako salama.

Kusini-magharibi hali ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Matuta ya pwani yalizungushwa kwenye maeneo makubwa kuzuia maji ya chumvi. Yalizuia chumvi, yakazuia na tope. Ndani ya matuta ardhi haikuinuliwa tena na ikaendelea kudidimia. Nje, tope lilirundikana mitoni hadi sakafu za mito zikawa juu kuliko mashamba. Maji ya mvua yakanaswa ndani miezi na miezi. Mwaka 1990 wananchi wa Beel Dakatia, karibu na Khulna, walichukua majembe wakalikata tuta wenyewe ili maji ya kujaa na kupwa yaingie na kuacha tope. Wahandisi walikasirika, kisha baadaye njia hiyohiyo ikaingizwa kwenye mipango rasmi ya serikali.

Baada ya 1988 kulikuwa na mpango mkubwa wa kimataifa ulioratibiwa na Benki ya Dunia, na wapo waliotaka mito mikuu yote izungushiwe matuta. Ulipingwa vikali na wanavijiji, wavuvi na wanaharakati, na matuta hayo hayakujengwa. Nadhani ilikuwa heri.

Tuta ninalolipenda ni lile la haor, mabonde makubwa ya kaskazini-mashariki. Hujengwa fupi kwa makusudi. Kazi yake ni kuzuia maji ya ghafla hadi boro ivunwe mwezi Aprili au Mei. Baada ya hapo maji huruhusiwa kulifunika, bonde zima hugeuka bahari ndogo, na vijiji vilivyo juu ya vilima vidogo vya udongo hubaki visiwa kwa karibu nusu mwaka huku watu wakivua. Halifanyi kazi kila mara. Mwaka 2017 maji yalikuja mwishoni mwa Machi, mpunga ukiwa bado mbichi, na yakaondoka nao.

Dhaka yenyewe je?

Upande wa magharibi ulizungushiwa tuta baada ya 1988. Upande wa mashariki uliachwa wazi, na 1998 ulizama. Leo kero kubwa ya mji ni mvua ya saa mbili: mifereji ya asili na madimbwi yaliyokuwa yakipokea maji yamefukiwa na kujengwa majumba, na tuta linalozuia mto linazuia pia maji ya ndani kutoka, hadi pampu ziyasukume.

Watu hufanya nini hasa maji yakianza kupanda?

Maandalizi huanza kiangazi. Udongo huchimbwa na kurundikwa ili nyumba ikae juu ya kilima kidogo, na shimo linalobaki huwa bwawa la samaki. Mama wa nyumbani hufinyanga jiko la udongo la kubebeka, kwa sababu jiko la kawaida limejengwa sakafuni na litazama kwanza. Huwekwa akiba ya mchele uliopondwa bapa na bisi za mchele pamoja na sukari guru, vyakula visivyohitaji moto. Kuni hupandishwa darini.

Maji yakiingia ndani, kitanda huinuliwa kwa matofali. Yakipanda tena, huongezwa matofali. Mashina ya migomba hufungwa pamoja kuwa chelezo cha kwenda kisimani. Kisipokuwepo tena kitanda cha kuinuliwa ndipo familia huhamia juu ya tuta au barabara, ng'ombe na watu chini ya turubai moja. Wanawake wengi huahirisha kuondoka hadi dakika ya mwisho, kwa kuogopa kukosa faragha na choo huko tutani na kwa kuogopa wezi wa mabati.

Kusini, wilaya za Gopalganj na Pirojpur, wakulima hurundika magugu maji hadi yawe vitanda vinavyoelea, na juu yake huotesha miche na mboga. Kaskazini-magharibi, shirika la Shidhulai limekuwa likiendesha shule ndani ya mashua tangu mwaka 2002: mashua hupita kuwachukua watoto, na darasa ni mashua hiyohiyo.

Tahadhari hutolewaje?

Kituo cha kutabiri mafuriko kilianzishwa mwaka 1972 na hutoa utabiri wa siku tano kwa mito mikuu. Kwa usahihi si haba. Kasoro ni lugha yake: husema mto utafika mita fulani juu ya alama ya hatari kwenye kituo fulani, ilhali mtu wa char anataka kujua kama maji yatafika kwenye zizi lake. Pengo hilo hujazwa na vipaza sauti vya misikiti, ujumbe wa simu na vijana wa kujitolea.

Mwaka 2020 utabiri ulitumiwa kwa namna mpya. Umoja wa Mataifa ulitoa fedha mwezi Julai kabla maji hayajafika kilele, na familia za bonde la Jamuna zikatumiwa taka (sarafu ya Bangladesh) 4,500 kila moja. Fedha inayokuja kabla humsaidia mtu asiuze ng'ombe kwa bei ya kutupa; ikija baadaye, ng'ombe ameshaondoka.

Mabadiliko ya tabianchi yanabadilisha nini?

Mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa, na bahari inayopanda huzidi kuchelewesha maji kutoka. Mwezi Juni 2022 sehemu kubwa ya Sylhet na Sunamganj ilizama kwa mafuriko yaliyotajwa kuwa mabaya kuliko yote katika kumbukumbu ya wenyeji. Lakini si kila maafa ya mto yasukumiwe kwa hewa ya ukaa. Ujenzi kwenye mabonde nao una jina na mwenyewe. Mwaka 2018 serikali ilipitisha mpango wa delta unaotazama hadi mwaka 2100.

Ni kweli India hufungulia mabwawa na kuifurisha Bangladesh?

Lawama hii hurudi kila msimu. Agosti 2024, Feni na wilaya za jirani zilipofurika, wengi walilaumu bwawa la Dumbur lililoko Tripura, jimbo la India. India ilikanusha na kusema mvua kubwa mno iliyonyesha pande zote mbili za mpaka ndiyo sababu. Mvua kweli ilikuwa kubwa. Malalamiko ya msingi hata hivyo ni ya haki: aliye chini ya mto anahitaji takwimu za aliye juu, kwa wakati, na mara nyingi hazimfikii kwa kiwango anachotaka.

Si kuna mkataba wa maji ya Ganges?

Upo. Ulitiwa saini kati ya India na Bangladesh Desemba 1996 kwa muda wa miaka 30, kwa hiyo unafikia ukomo Desemba 2026. Ila unahusu kugawana maji ya kiangazi kwenye banio la Farakka, lililoko India karibu na mpaka, kuanzia Januari 1 hadi Mei 31 kila mwaka. Miezi ya mafuriko haimo. Kuhusu mto Teesta, ambao nao hutoka India, hukauka kiangazi na kufurika Julai, hakuna mkataba wa kudumu uliokwisha kutiwa saini.